Kutoka Newport hadi Mlimani City: Bei Nafuu Hutengenezwa Barabarani

Barabara kuu ya I-49 ikishapanda vilima vya Ozark, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, inapita miji kadhaa iliyokaribiana, na kila mmoja una jina lake katika biashara. Fayetteville kuna Chuo Kikuu cha Arkansas, chenye shule ya biashara iliyopewa jina la Sam M. Walton. Springdale ni makao makuu ya Tyson Foods, kampuni kubwa ya nyama ya kuku. Lowell ndiko iliko J.B. Hunt, kampuni ya malori inayojulikana nchi nzima. Kisha inakuja Rogers, na baada yake Bentonville, mji uliokuwa na watu wapatao 3,000 mwaka 1950 na ambao leo ni makao makuu ya Walmart, kampuni yenye maduka zaidi ya 10,000 duniani na mauzo yanayopita dola bilioni 600 kwa mwaka. Mgeni akitazama vilima hivi, mabanda ya kuku na malisho ya ng'ombe, hujiuliza ilikuwaje muuza rejareja mkubwa kuliko wote duniani atokee huku badala ya New York au Chicago, kwenye watu, benki na viwanda. Jibu linalopendwa ni kwamba alikuwapo mtu mmoja mwenye kipaji aliyeushinda ubaya wa mahali pake. Nimeipita njia hii nikiwa na mashaka na jibu hilo, na kila mji umeyaongeza. Ninachodai ni kwamba mahali penyewe ndipo palipomfundisha. Bei ya chini hutengenezwa kati ya ghala na duka, kilomita kwa kilomita, na anayetaka kuiga Walmart bila kuifupisha njia hiyo atakula hasara, awe Ujerumani, awe Dar es Salaam.

Ushahidi wa kwanza uko upande wa pili wa jimbo, Newport, mji wa tambarare za pamba kando ya mto White. Hapo ndipo Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, akiwa na umri wa miaka 27, alipochukua duka lake la kwanza mwaka 1945, kwa dola 5,000 zake mwenyewe na mkopo wa dola 20,000 kutoka kwa baba mkwe wake. Duka lilikuwa chini ya jina la kampuni ya Ben Franklin, na masharti yalimtaka anunue sehemu kubwa ya mzigo wake kwa kampuni hiyo, kwa bei waliyoipanga wao. Chupi za kike, kwa mfano, zilimfikia kwa dola 2.50 kwa dazeni, naye akiziuza tatu kwa dola moja. Walton akampata wakala New York aliyeziuza dola 2 kwa dazeni, akaanza kuziuza nne kwa dola moja. Tukipiga hesabu, faida ya kila dazeni ilishuka kutoka dola 1.50 hadi dola 1, lakini mzigo ulitoka haraka kiasi kwamba jumla ya faida ilipanda. Simulizi hili hurudiwa sana kama somo la kupunguza bei, ila nusu yake ya pili husahaulika. Walton huyohuyo alikuwa akifunga trela nyuma ya gari lake, akivuka mto Mississippi kwa kivuko hadi Tennessee, na kurudi na chochote alichokipata kwa bei nzuri. Punguzo la bei kaunta lilitanguliwa na safari ya mzigo ambayo wenzake hawakuwa tayari kuifanya. Mwaka 1950 mwenye jengo alikataa kuongeza mkataba wa pango, na Walton akahamia Bentonville, pembe ya jimbo iliyo karibu na mipaka ya Missouri, Oklahoma na Kansas.

Mwaka 1962 ni mwaka wa kuutafakari kwa utulivu. Katika mwaka huo mmoja zilizaliwa Kmart katika jimbo la Michigan, Target katika Minnesota, na Woolco ya kampuni kongwe ya Woolworth. Tarehe 2 Julai, Walton naye akafungua Wal-Mart ya kwanza pale Rogers. Wote walikuwa na wazo moja: duka kubwa, faida ndogo kwa kila kitu, mauzo mengi. Wazo halikuwa siri ya mtu. Tofauti ilikuwa ramani. Kmart ilikimbilia pembezoni mwa miji mikubwa, kwenye wanunuzi wengi na wasambazaji waliokwisha kujipanga kuleta mzigo hadi mlangoni. Walton alichagua miji midogo ya watu elfu chache, ambako mshindani mkubwa hangejisumbua kufika. Alikuwa na ndege ndogo, na aliirusha chini chini juu ya miji hiyo akiangalia magari yanaelekea wapi na nyumba mpya zinajengwa upande gani, kabla ya kuamua kiwanja. Lakini mji ambao mshindani hafiki, msambazaji pia hafiki. Malori ya wauzaji wa jumla hayakuwa na sababu ya kupanda Ozark kupeleka katoni chache za sabuni. Walton akabaki na njia mbili tu: kulipa zaidi kwa kila katoni, au kuubeba mzigo mwenyewe.

Aliubeba mwenyewe, na hapo ndipo biashara yote ilipogeuka. Kampuni ilipoanza kuuza hisa kwa umma mwaka 1970 ilikuwa na maduka 38, na mwaka huohuo ikafungua ghala lake la kwanza la usambazaji pale Bentonville. Ghala la namna hii linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu halifanani na stoo tuliyoizoea, ambayo mzigo huingia na kulala. Ni jengo refu lenye milango ya malori pande zote. Lori la kiwandani linarudi kinyumenyume kwenye mlango mmoja, katoni zinashushwa kwenye mkanda unaotembea, mashine inasoma msimbopau na kujua katoni hii ni ya duka gani, nayo inateremshwa kwenye lori linalosubiri mlango mwingine. Sehemu kubwa ya mzigo haikai rafuni kabisa. Huingia na kutoka ndani ya siku moja au mbili. Lori la kampuni likishamaliza kushusha dukani halirudi tupu, linapitia kiwandani njiani na kubeba mzigo mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, asilimia 85 ya bidhaa za Walmart zilipita katika maghala yake yenyewe, wakati Kmart ilikuwa asilimia 50. Rafu za Walmart zilijazwa wastani wa mara mbili kwa wiki, wakati desturi ya biashara hiyo ilikuwa mara moja kwa wiki mbili. Kila anayefahamu biashara anajua maana yake: fedha kidogo inayolala kwenye mzigo, bidhaa chache zinazoharibika, na nafasi ndogo ya stoo inayolipiwa pango.

Ghala la namna hiyo lina sharti moja kali. Halilipi mpaka liwe na maduka ya kutosha yanayofikika kwa lori ndani ya siku moja. Ndiyo maana Walmart ilienea taratibu, ikijaza wilaya kabla ya kuingia wilaya nyingine, jimbo kabla ya jimbo. Mwanauchumi Thomas Holmes wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, alifuatilia ufunguzi wa maduka hayo tangu Rogers na kuonyesha kwamba kampuni haikuwahi kuruka mbali ili kuwahi masoko bora kisha irudi kujaza katikati. Ilikubali kushindana na maduka yake yenyewe kwa wateja walewale, mradi lori lisafiri njia fupi. Hili linajibu pingamizi la kwanza, kwamba siri ya Walmart ni ukubwa tu. Mwaka 1967 Kmart ilikuwa na maduka 250 na mauzo ya zaidi ya dola milioni 800, ilhali Walton alikuwa na maduka 19 na mauzo ya dola milioni 9. Kama ukubwa ndio ungeamua, shindano lingeisha siku hiyo. Lakini kufikia mwaka 1990 Walmart ndiyo iliyoongoza Marekani nzima kwa rejareja, na Januari 2002 Kmart iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ukubwa wa Walmart ulikuja baadaye, kama tunda la mtandao uliokwisha kushonwa vizuri. Mfumo wa mawasiliano kwa setilaiti uliokamilika mwaka 1987 ulikuwa mwendelezo wa kazi ileile, kwani ulimwezesha mtu wa Bentonville kujua leo kilichouzwa leo Oklahoma, ili lori la kesho lijue libebe nini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami silipuuzi. Wapo wanaosema bei ile inalipwa na mfanyakazi na kiwanda. Ushahidi wao ni wa kweli. Ripoti ya mwaka 2020 ya ofisi ya uwajibikaji ya Bunge la Marekani iliitaja Walmart miongoni mwa waajiri ambao wafanyakazi wao wengi wanaishi kwa msaada wa serikali wa chakula na matibabu. Mwaka 2015 kampuni ilipopandisha mshahara wa kuanzia hadi dola 9 kwa saa, hatua hiyo ilikuwa habari ya kitaifa, na hilo lenyewe linaonyesha ulikuwa chini kiasi gani. Kiwanda cha nguo cha Tazreen nchini Bangladesh kilipoungua Novemba 2012 na kuua zaidi ya watu 110, nguo za Walmart zilikutwa humo. Kampuni ikasema kazi ilipelekwa pale bila idhini yake. Na mwanauchumi Panle Jia alikadiria mwaka 2008 kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya upungufu wa maduka madogo ya bei nafuu Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ulitokana na kuenea kwa Walmart. Haya yote nayakubali, na bado nasema hayaelezi ushindi wenyewe. Mshahara mdogo ulikuwa mlango uliokuwa wazi kwa kila mwenye duka Marekani, na Kmart na Woolco walikuwa na uwezo uleule wa kuagiza Asia. Gharama ambayo kila mshindani anaweza kuikwepa haimpi mmoja ushindi. Ninachojifunza hapa ni kutenganisha unafuu wa aina mbili. Uko unafuu unaotokana na kuondoa upotevu: lori tupu, mzigo unaolala, katoni inayoshikwa mara tano. Huo haumwumizi mtu. Na uko unafuu unaotokana na kumtwisha mtu mwingine gharama, awe mshonaji wa Dhaka au mpangaji wa rafu wa Arkansas. Huo haustahili kusifiwa, wala haustahili kuigwa kwa kisingizio kwamba ndio ulioijenga Bentonville.

Jaribio la wazi la hoja hii lilifanyika nje ya Marekani. Mwaka 1997 Walmart iliingia Ujerumani kwa kununua maduka 21 ya Wertkauf, na mwaka uliofuata ikaongeza 74 ya Interspar. Mwaka 2006 iliyauza maduka 85 yaliyobaki kwa kampuni ya Metro na kuondoka na hasara ya dola zinazokaribia bilioni moja. Maelezo yanayopendwa ni ya tabia: kwamba Wajerumani hawakutaka kuchekewa mlangoni wala kufungiwa mizigo na mhudumu. Naona maelezo hayo ni mepesi mno. Maduka yasiyofika 100 yalitawanyika katika nchi ya watu milioni 80, yakiwa mbali na mbali, mbele ya Aldi, kampuni ya wenyeji iliyokuwa na maelfu ya maduka madogo, aina chache za bidhaa na maghala kila upande. Kwa kipimo cha Walton mwenyewe, safari hii Walmart ndiyo iliyokuwa na ramani ya Kmart. Korea Kusini mambo yalikuwa hayohayo: maduka 16 tu, nayo yakauzwa mwaka 2006. Msomaji atauliza, mbona Meksiko walifanikiwa? Ni kweli, na mafanikio hayo yanaunga mkono hoja. Kule waliingia mwaka 1991 kwa ubia na Cifra, kampuni ya wenyeji iliyokuwa imekwisha kujenga mtandao wake, kisha mwaka 1997 wakanunua sehemu kubwa ya hisa zake na kuendelea kueneza Bodega Aurrerá, maduka ya kawaida yanayoingia hadi mitaani. Walinunua ukaribu uliokuwapo.

Njia hiyo hatimaye ilifika kwetu. Mwaka 2011 Walmart ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, kwa randi zipatazo bilioni 16.5, huku vyama vya wafanyakazi na serikali ya nchi hiyo vikipinga hadi mahakamani. Kwa ununuzi huo ilipata maduka ya Game, likiwamo la Mlimani City jijini Dar es Salaam na la Lugogo jijini Kampala. Baadaye Game ikafungua na Nairobi, pale Garden City. Kwa macho, duka lilikuwa kamili: taa, viyoyozi, rafu ndefu, runinga na majokofu yaliyopangwa kwa ustadi. Lakini Tanzania nzima ilikuwa na duka moja, nalo lilitegemea kampuni iliyoko Johannesburg, zaidi ya kilomita 3,000 kwa barabara, na mipaka kadhaa katikati. Hakuna ghala linaloweza kujilipa kwa kulihudumia duka moja. Kufikia mwisho wa 2022 Game ilikuwa imefunga katika nchi zetu tatu, pamoja na Ghana na Nigeria. Wengi waliitazama Walmart kama jitu lililoshindwa na umaskini wa Waafrika. Mimi naona kampuni iliyosahau kilichoijenga. Wala haikuwa peke yake: Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015, Shoprite ilikwisha kuuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, na Nakumatt yenyewe, iliyotanda nchi nne za Afrika Mashariki, wadai wake waliamua ivunjwe Januari 2020. Nakumatt ilikuwa na matatizo makubwa ya madeni na uendeshaji, na sitaki kuyafupisha yote kuwa suala la masafa. Ila linganisha na Naivas, iliyoanzia eneo la Nakuru mwaka 1990, ikabaki ndani ya Kenya na kujaza mji baada ya mji hadi kupita matawi 100.

Kuna kipande cha barabara ambacho wasifiaji wa Walmart hawakihesabu, na kwetu ndicho kinachoamua. Ni kile cha kutoka dukani hadi nyumbani. Kule Arkansas mteja anakilipia mwenyewe kwa petroli yake, anajaza buti la gari kwa wiki nzima na kuweka kwenye jokofu. Mama wa Mbagala, Dar es Salaam, hana gari, na fedha ya wiki nzima haiji siku moja. Anamtuma mtoto kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, achukue sukari robo, unga nusu, mafuta ya kupima yanayochotwa kwenye dumu kwa kikombe kidogo, na kipande cha sabuni; siku mambo yakikaza, jina linaandikwa kwenye daftari. Ni kweli kwamba kwa kilo analipa zaidi kuliko mwenye kununua mfuko mzima, na huo ni mzigo kwa maskini usiopaswa kupambwa. Lakini akipanda daladala kwenda supamaketi na kurudi, nauli inakula punguzo lote, na saa mbili za kazi zimekwenda. Mangi ameufikisha ukaribu hadi hatua ambayo Walton hakuifikia. Udhaifu wake uko nyuma ya duka: kila mmoja anakwenda Kariakoo peke yake, anapatana bei peke yake, anakodi kirikuu au bodaboda peke yake, na mzigo unashikwa na mikono mitatu minne ya madalali kabla haujafika kwake. Maduka mia ya mtaa mmoja yanafanya safari mia kuchukua sukari ileile.

Kwa hiyo, kama tunataka bei ishuke Mbagala, Kawangware ya Nairobi au Katwe ya Kampala, fedha na sera zielekezwe kwenye ghala la pamoja lililo karibu na mitaa, linalomilikiwa na wenye maduka wenyewe. Najua jibu litakalokuja kwa Mtanzania yeyote mwenye kumbukumbu: ushirika wa maduka ulijaribiwa. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi zao zichukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa zikaadimika, na serikali ikalazimika kuisimamisha. Nakubali, na nashika tofauti yake. Operesheni ile ilimwondoa muuzaji aliyewajua wateja wake na kuiacha njia ya mzigo ilivyokuwa. Wafanyabiashara wa Berlin walifanya kinyume chake mwaka 1898: wenye maduka 21 waliungana kununua kwa pamoja huku kila mmoja akibaki na kaunta yake, na kutoka vyama vya namna hiyo ukazaliwa mwaka 1907 umoja wa Edeka. Leo Edeka, ushirika wa wenye maduka wanaojitegemea, ndio muuza vyakula mkubwa kuliko wote Ujerumani, nchi ileile iliyoirudisha Walmart kwao. Mangi akiachiwa kaunta yake na daftari lake, na mamia ya wenzake wakawa na ghala moja, lori moja linalozunguka mitaa kwa ratiba na sauti moja ya kupatana na kiwanda, robo ya sukari itapungua bei bila mshahara wa mtu yeyote kuguswa. Hiyo ndiyo sehemu ya Walmart inayostahili kuigwa, na haihitaji Mlimani City nyingine ili ianze.